Mjadala Mkuu wa Mtoto Riziki

Nchi ya Ngojangoja, kwa wale msioijua, ni nchi ya amani tele. Na kwa wale mnaoijua, naomba mnivumilie niisimulie kwa adabu. Ina milima, ina mito, ina Bunge lenye viti vya kuzunguka, na ina katiba ambayo ibara yake ya kwanza inasema hakuna jambo litakaloamuliwa kabla halijajadiliwa. Ibara ya pili inasema hakuna mjadala utakaofungwa maadamu yupo mheshimiwa ambaye hajanywa chai.

Katika nchi hiyo, kwenye mji mdogo wa Tulieni, aliishi mama mmoja aitwaye Sikudhani Mchopa, mkaguzi wa mizani wa serikali. Kazi yake ilikuwa kupita sokoni na mawe yake ya kupimia ndani ya kikapu, akihakikisha kwamba kilo ya maharage ni kilo kweli, si kilo ya mdomoni. Mumewe alifariki zamani, akamwachia mtoto mmoja, Riziki, ambaye kwenye cheti cha kuzaliwa aliandikwa kuwa ni wa kike, na hakuna aliyekuwa na neno juu ya hilo kwa miaka kumi na minne.

Jumapili moja mchana walikuwa uani wakichambua mchele. Riziki akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Mama, mimi si msichana. Nimejaribu kuwa. Siwezi."

Sikudhani alishika punje moja, akaitazama kama vile ndiyo iliyosema. Akajibu kile ambacho akina mama hujibu wasipojua la kujibu.

"Umekula lakini?"

"Sijala tangu juzi."

"Kwa nini?"

"Nikila nakua," Riziki akasema. "Sitaki kukua hivi ninavyokua."

Baada ya siku chache mama aligundua kwamba mwanawe alikuwa akijibana kifua kwa vitambaa vya khanga kuukuu, kwa nguvu hata ngozi ikachubuka na pumzi zikawa za kuomba. Shuleni alikuwa haendi tena. Alikuwa akishinda nyuma ya kanisa mpaka kengele ya kutoka ilipolia. Sikudhani akaketi jikoni, akalia kidogo, kisha akanawa uso. Hakuwa na msimamo wowote juu ya jambo lile. Jambo la namna hiyo alikuwa hajalisikia mara tatu maishani. Dawa za kumgeuza mwanawe hakuzitaka, hata wazo lake lilimtia baridi. Lakini mtoto anayekonda mbele yake alikuwa anamwona, na alichotaka ni mtu mmoja tu anayejua, awaambie hili ni jambo gani na lifanywe nini.

Akampeleka zahanati. Tabibu wa zahanati, mtu mpole ambaye kabati lake lilikuwa na bandeji mbili na picha ya Rais, alisikiliza, akakuna kichwa.

"Mama, nisikudanganye, mimi sijui. Nchi nzima anayejua ni Daktari Nangwala, yuko hospitali kuu Subirini. Nitakuandikia barua ya rufaa. Mtamwona, mtazungumza naye, basi."

Barua iliandikwa siku ya Jumatatu. Na kwa bahati ambayo haina jina zuri, Jumanne yake ndipo Mjadala Mkuu ulipoanza.

*

Ulianza hivi. Mheshimiwa Gaudensi Mtitu, mbunge, alikuwa amesoma katika simu yake kwamba ng'ambo watoto wanachomwa sindano za kubadili jinsia, akasimama Bungeni akiwa na jasho la uzalendo. "Mheshimiwa Spika," alinguruma, "mtoto ni wa nani? Narudia: ni wa nani? Mzazi atanyang'anywa mamlaka katika nyumba yake mwenyewe? Juu ya maiti yangu! Na nikishazikwa, juu ya kaburi langu!"

Wabunge wakapiga meza. Hapo akasimama Mheshimiwa Pelagia Msangula, mwanamke msomi mwenye miwani tatu, moja ya kusomea, moja ya kuonea mbali na moja ya kuvua anapokasirika. Akavua ile ya tatu. "Mheshimiwa Spika, huyu mwenzangu anaishi karne gani? Mtoto ana sauti! Mzazi yeyote atakayeizima, serikali imnyang'anye mtoto huyo, na imfunge, na ufunguo utupwe mtoni!"

Wakapiga meza tena, walewale.

Hakuna aliyeuliza kama sindano zenyewe zipo nchini. Hazikuwapo. Hazijawahi kuwapo. Hata dawa ya malaria ilikuwa ikisubiriwa tangu masika yaliyopita. Lakini jambo ambalo halipo lina faida moja kubwa: mtu anaweza kulipinga au kulitetea mwaka mzima bila kuharibu chochote, na mjadala ukasafiri nchi nzima kwa magari ya serikali, wajumbe wakila wali na kuku kwa niaba ya watoto.

Miezi sita baadaye, nauli ilipotimia, Sikudhani alifika Subirini akiwa na barua yake mkononi na Riziki ubavuni. Hospitalini wakamwambia kwamba kesi kama hiyo sasa inapitia Wizara ya Wazazi, Walezi na Mambo Yanayofanana na Hayo. Wizarani akamkuta karani aitwaye Bwana Ndimbo, mtu mwembamba mwenye mihuri kumi na mmoja iliyopangwa mezani kama watoto wa shule mstarini.

"Tunataka saini ya wazazi wote wawili," alisema Bwana Ndimbo.

"Baba yake ni marehemu. Cheti cha kifo hiki hapa."

"Cheti nimekiona, mama. Cheti ni kizuri. Lakini hapa panatakiwa saini."

"Bwana Ndimbo, mtu amekufa."

"Nani anabisha? Pole sana. Lakini sheria inalinda haki za wazazi, na haisemi kwamba haki hizo zinakwisha kwa kufa. Mheshimiwa Mtitu mwenyewe ametaja kaburi."

Sikudhani akavuta pumzi. "Basi tuache saini. Mimi sitaki dawa, sitaki sindano. Nataka daktari azungumze na mtoto huyu. Azungumze tu."

Bwana Ndimbo akashusha sauti. "Hilo ndilo gumu kuliko yote. Daktari Nangwala amezuiwa kuzungumza na yeyote aliye chini ya miaka kumi na minane mpaka Mjadala uishe."

"Hata salamu?"

"Salamu ameruhusiwa. Lakini asiulize hali. Akisema 'hujambo', mtoto anaweza akajibu kwamba ana jambo, na hapo tayari ni matibabu."

Riziki, aliyekuwa amesimama muda wote ule, akauliza, "Naweza kukaa?"

"Mwambie mtoto," Bwana Ndimbo akamwambia mama, "kwamba maombi yake yapitie kwa mzazi."

*

Habari kwamba yupo mtoto mmoja halisi zilivuma Subirini nzima, maana pande zote mbili zilikuwa zimetafuta mtoto kwa miezi na hazijampata. Kabla ya wiki kwisha, Mheshimiwa Mtitu alimwita Sikudhani ofisini kwake, akamkalisha kwenye kochi ambalo mtu akikaa hainuki bila msaada.

"Mama shujaa!" alisema. "Mama jasiri! Jumamosi utapanda jukwaani, utawaambia wananchi kwamba mwanao hakuna wa kumgusa."

"Mheshimiwa, mimi nataka aguswe. Nataka daktari amguse, amwangalie, amsikilize. Mtoto hali."

"Usilie, mama. Mimi pia ni mzazi. Nina watoto wanne… watano. Wako shule za bweni huko nje tangu wakiwa na miaka sita, na sijawahi kuruhusu mtu yeyote awalee."

Sikudhani akaomba kusaidiwa kuinuka, na Mtitu akanung'unika kwamba kumbe yuko upande wa Msangula.

Kwa Mheshimiwa Msangula kulikuwa na viti vya kawaida na chai ya tangawizi. Riziki alipokelewa kwa makofi. Mheshimiwa alimpiga picha kutoka pande tatu, akasema itachapwa kwenye fulana elfu mbili.

"Sitaki picha," Riziki akasema.

"Umesikika!" Mheshimiwa Msangula akasema kwa furaha, na akaendelea kupiga. "Mtoto hapa kwetu lazima asikike. Ndiyo maana tumemteulia msemaji." Akamwonyesha mzee wa miaka hamsini na sita, mstaafu wa shirika la reli, aliyevaa tai. "Yeye ndiye atakayesema Riziki anataka nini. Mama, wewe weka saini hapa kwamba umekubali kila kitu."

"Kila kitu kipi?"

"Tutakijaza baadaye."

"Mheshimiwa, siwezi kusaini nisichokijua. Labda mwanangu yuko hivyo anavyosema, labda kuna jingine linalomsumbua. Mimi sijui na yeye ni mtoto. Naomba amwone daktari kwanza."

Mheshimiwa Msangula akavua miwani ya tatu. "Kumbe uko upande wa Mtitu."

"Mtitu naye kasema niko upande wako."

"Basi uko upande gani, mama?"

Sikudhani alimtazama Riziki, ambaye alikuwa akijaribu kujificha nyuma ya pazia ili asipigwe picha nyingine. "Niko upande huo aliko yeye," alisema. "Twende, mwanangu."

*

Mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria mbili siku moja, kwa sababu Spika alitaka kila mtu aende nyumbani ameshinda. Sheria ya kwanza ilisema mzazi atakayempeleka mtoto kwa daktari kwa jambo hilo atafungwa. Ya pili ilisema mzazi atakayekosa kumpeleka ndani ya siku thelathini atafungwa. Magazeti yakaandika kwamba Taifa limefikia mwafaka.

Siku ya thelathini na moja, Sajini Mbelwa wa kituo cha Tulieni alibisha hodi kwa Sikudhani akiwa na pingu moja na hati mbili.

"Karibu, afande."

"Asante, dada. Nimekuja kukukamata. Ila nina tatizo dogo." Akazitandaza hati mezani. "Hii inasema umempeleka. Hii inasema hukumpeleka. Zote zimesainiwa na hakimu mmoja. Nikikukamata kwa hii, natenda kosa kwa ile. Naomba unisaidie. Ungependelea ipi?"

"Nilimpeleka, lakini hakuonwa."

Sajini aliwaza mpaka paji la uso likajikunja. "Kwa hiyo umempeleka na hukumpeleka." Akakunja hati, akaweka pingu mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyevua kofia. "Dada, mimi nina binti wa umri huo. Huyu wako anaendeleaje?"

"Jana alikula nusu ya chapati."

"Ni mwanzo," alisema Sajini Mbelwa. "Yule daktari mnayemtafuta, msimtafute Subirini. Wamemhamishia kituo cha mifugo kule Malishoni. Wamesema kule hatazungumza na watoto. Sikukwambia mimi."

Wakaenda. Walifika Malishoni saa nne asubuhi, wakakuta ng'ombe wenye afya kuliko watu wa Tulieni, na mlinzi mwenye daftari.

"Kituo hiki kinapokea mifugo peke yake," mlinzi alisema. "Mmeleta mnyama gani?"

Sikudhani aliyekuwa hajawahi kuandika uongo maishani, ambaye aliwahi kumtoza faini mjomba wake mwenyewe kwa jiwe la mizani lililopungua kidogo, alichukua kalamu akaandika: *Ndama mmoja. Hali chakula.*

Riziki akachungulia daftari, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini mama yake alisimama kukisikiliza kama mtu aliyesikia mvua ya kwanza juu ya bati.

Daktari Nangwala alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira hadi magotini. Riziki alipomwamkia, "Shikamoo, daktari," yeye akajibu "Marahaba," kisha akatazama kushoto na kulia, akauliza lile neno lililokatazwa.

"Hujambo?"

Na Riziki akasema, "Sina raha, daktari. Nina jambo."

Waliingia ndani wawili. Mama alikaa nje kwenye benchi kwa saa mbili na robo, akihesabu mikia. Walipotoka, uso wa Riziki ulikuwa umevimba kwa kulia na ulikuwa mwepesi. Daktari akamkalisha Sikudhani kando.

"Sikiliza, mama Riziki. Vile vitambaa tumekubaliana ataviacha, vinaumiza mbavu. Nimemwonyesha fulana ya kuvaa badala yake. Dawa hatuzungumzii leo. Hazipo, na hata zingekuwapo ningetaka kumjua kwanza, tena kwa muda mrefu. Lakini usimwambie ni upuuzi utapita, na usimwambie keshafika mwisho wa safari. Mpe chakula, mpe shule, mpe mtu wa kuzungumza naye. Mlete kila mwezi."

"Lakini daktari, atakuwa nani akifika miaka ishirini?"

"Mimi sijui," Daktari Nangwala alisema. "Wanaojua wote wako Bungeni."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi tisa kwa Sikudhani kusikia mtu mwenye cheo akisema hajui, na akaondoka pale amepona nusu.

Walikwenda mara tatu. Riziki alianza kula sahani nzima. Mara ya nne walikuta mlango umetiwa kufuli. Wakaguzi wa Wizara walikuwa wamepita, wakaona kwenye daftari kwamba kuna ndama anayekuja kila mwezi na hajachanjwa hata mara moja. Walipouliza alipo, daktari alikataa kumtoa. Akastaafishwa kwa manufaa ya umma, na watu wakasema ameshavuka mpaka wa nchi.

Riziki alikaa kwenye nyasi mbele ya ule mlango. "Tungechanja tu," alisema.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wa Ngojangoja. Mwalimu mkuu alisema Riziki anaweza kurudi shule akivaa sketi. Riziki akasema anaweza kurudi akivaa suruali. Mwalimu mkuu akaandika Wizarani kuomba mwongozo, na Wizara ikajibu kwamba mwongozo unajadiliwa. Mwaka mmoja ukapita, ukapita wa pili, ukapita wa tatu. Wenzake walifanya mitihani ya mwisho yeye akiwa uani anatengeneza mizani mbovu za sokoni. Alikuwa na mkono mzuri wa kazi ile. Kuna wiki alikula na kuna wiki hakula. Sikudhani aliandika barua thelathini na nne, na kila moja ilijibiwa kwa shukrani. Akajifunza kuwa na hasira ambayo haipigi kelele, ile ya maji yanayochemka huku sufuria imefunikwa.

Kisha ikaja barua ya thelathini na tano, ambayo hakuiomba. Ilisema kwamba mtoto aliyetajwa ametimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo suala lake halipo tena, na Wizara inampongeza mzazi kwa uvumilivu. Faili lifungwe kwa saini ya mtoto, mbele ya karani.

Bwana Ndimbo alikuwa amezeeka kidogo na mihuri ilikuwa imeongezeka. Mbele yake faili la Riziki lilikuwa nene kama mto wa kulalia.

"Karibuni," alisema. "Mtoto yuko wapi asaini?"

"Ndiye huyu," alisema Sikudhani.

Bwana Ndimbo alimtazama Riziki, akatazama kitambulisho, akatikisa kichwa. "Huyu ni mtu mzima. Faili linamtaka mtoto."

"Mtoto ndiye huyuhuyu! Amekua!"

"Mama, usinikasirikie. Mtu mzima hana ruhusa ya kusaini kwa niaba ya mtoto kama si mzazi wake. Na mzazi hawezi, maana sheria imempa mtoto saini hiyo. Tuletee mtoto, tumalize siku moja."

Hapo Riziki akasogea mpaka mezani. Hakupandisha sauti.

"Hayupo," alisema. "Alikuja hapa. Alisimama pale penye kabati, akaomba kukaa, ukamwambia apitie kwa mzazi. Alingoja miaka minne, Bwana Ndimbo. Mmechelewa. Yule mtoto hayupo tena."

Karani aliitazama mihuri yake. Akashika muhuri mmoja, akauweka, akashika mwingine, kisha akasema polepole, "Sina muhuri wa hilo."

Sikudhani hakupanga alichofanya. Alinyoosha mikono yote miwili, akalikumbatia faili, akalibana ubavuni kama mzigo wa kuni, akatoka nalo. Bwana Ndimbo hakumfuata. Getini askari wawili walipomwona mama anayekuja na faili nene kiasi kile, walidhani ni mkurugenzi, wakampigia saluti.

Walipofika Tulieni wakakaa chini sebuleni, wakalisoma lote. Lilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Ndani yake mlikuwa na hotuba za Mtitu na majibu ya Msangula, maoni ya viongozi wa dini na ya chama cha wafuga kuku, na taarifa ya mzee wa shirika la reli iliyoanza na maneno "Mimi, Riziki." Mlikuwa na picha ya nusu ya uso nyuma ya pazia. Sikudhani alipekua mpaka ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma akapekua tena, akitafuta mahali popote ambapo mwanawe ameulizwa neno akajibu. Hapakuwapo.

Akafunga faili. Ndipo likamjia jambo lililomchoma kuliko ofisi zote alizozipitia: barua thelathini na nne aliandika yeye, benchi la Malishoni alikaa yeye, na kile kilichosemwa ndani kwa saa mbili na robo hakuwahi kukiuliza. Aliogopa. Alikuwa akikimbilia ofisi, maana ofisini mtu hungoja, na anayengoja halazimiki kusikia.

"Mwanangu," alisema. "Nina aibu kukuuliza leo."

"Niulize tu, mama."

"Hujambo?"

Riziki alisogeza faili kwa mguu likaenda chini ya kiti, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Kuna mahali mama alitikisa kichwa akakataa, kuna mahali walibishana, kuna mahali walicheka; chakula kikapoa, wakakila kimepoa. Aliyoyasema ni yake na mama yake. Mimi msimulizi nilipofika hapo nilifunga mlango nikatoka, na nyie pia tokeni.